Mtego wa Iodini Upimwe Iodini Inapokuwa Haba

Kipande cha muhogo mbichi kikidondoshewa tone la iodini ya kahawia hugeuka bluu iliyokolea, karibu nyeusi, kabla mwalimu hajamaliza kufunga chupa. Wanafunzi wa sekondari wa Mvara mjini Arua, sawa na wenzao wa Koboko na kwingineko Uganda, hufanya jaribio hilo kuonyesha kwamba muhogo una wanga. Huandika matokeo daftarini, kisha somo huhamia kwenye protini.

Lakini kilichotokea juu ya kipande hicho kinastahili kutazamwa kwa muda mrefu zaidi. Wanga ni polima, yaani mnyororo mrefu wa molekuli za sukari zilizoungana. Sehemu yake inayoitwa amilosi hujisokota, glukosi 6 kwa kila mzunguko, na katikati ya msokoto hubaki mfereji wenye upana wa karibu nusu ya nanomita. Humo iodini huingia na kujipanga kwa mstari. Elektroni zake hukaa kwa mpangilio mpya, mwanga unanyonywa kwa namna nyingine, na jicho linaona bluu. Wafaransa Jean-Jacques Colin na Henri-François Gaultier de Claubry walilieleza jambo hili mwaka 1814, miaka 3 tu baada ya Bernard Courtois kuipata iodini katika majivu ya mwani.

Mwalimu mwenye nafasi huongeza hatua moja. Bomba la uji mwembamba wa muhogo uliogeuka bluu hupashwa moto, na rangi hufifia mpaka kupotea. Likipoa, rangi hurudi. Maana yake iodini iliachiwa, kisha ikanaswa tena. Katika dakika hizo chache yamepita maswali yote yanayowashughulisha wakemia wanaobuni polima za kunasa iodini: tundu liwe na upana gani, kuta zake ziwe na nini, ziishike iodini kwa nguvu kiasi gani, na kitu gani kitazifanya ziiachie.

Maswali hayo yana uzito kwa sababu ya iodini yenye mionzi. Atomi za urani zinapopasuka ndani ya kinu cha nyuklia, iodini ni miongoni mwa mabaki. Aina mbili ndizo zinazosumbua zaidi. Iodini-131 hupoteza nusu ya nguvu zake kila siku 8, kwa hiyo ni kali lakini haikai. Iodini-129 ni dhaifu, ila nusu yake huhitaji takriban miaka milioni 15.7 kutoweka. Zote huruka hewani kwa wepesi na huyeyuka majini, na zikiingia mwilini huelekea kwenye tezi ya thairoidi shingoni. Oktoba 1957, moto ulipowaka katika kinu cha Windscale nchini Uingereza, maziwa ya mashamba yaliyoenea kilomita za mraba 500 hivi yalimwagwa, kwa sababu ng'ombe walikuwa wamekula majani yenye iodini hiyo. Baada ya ajali ya Chernobyl ya Aprili 1986, maelfu ya watu waliokuwa watoto wakati huo walipata saratani ya thairoidi, na maziwa yalikuwa njia kuu ya iodini hiyo kuwafikia.

Uganda imeitaja Buyende, kando ya Ziwa Kyoga, kuwa mahali pa kituo chake cha kwanza cha umeme wa nyuklia, na tangu mwaka 2008 ina sheria ya nishati ya atomiki. Kenya nayo ilipendekeza Uyombo, Kilifi, ambako wakazi walipinga hadharani. Hata hivyo iodini yenye mionzi haijasubiri vinu vijengwe ndipo ifike Afrika Mashariki. Iko hospitalini tayari. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, hutumia iodini-131 kutibu maradhi ya thairoidi, na mgonjwa aliyepewa dawa hiyo huitoa sehemu kubwa kwa mkojo katika siku chache za mwanzo.

Mitego ya zamani ya iodini ipo, na inafanya kazi. Wa kwanza ni makaa amilifu, ambayo mara nyingi hutengenezwa kwa vifuu vya nazi, kwa kuwa kifuu hutoa makaa magumu yenye vitundu vidogo sana. Makaa hayo hupakwa iodidi ya potasiamu, au kemikali yenye nitrojeni iitwayo TEDA, ili yakamate pia iodidi ya methili, gesi korofi ambayo iodini hupenda kugeuka kuwa. Kasoro zake ni kwamba unyevu huyachosha, gesi za oksidi za nitrojeni huyaharibu, na joto kali linaweza kuyawasha. Mtego wa pili ni zeolaiti iliyotiwa madini ya fedha. Fedha na iodini hushikana sana, hazitengani kirahisi. Tatizo ni bei, na kwamba gramu moja ya zeolaiti hubeba takriban sehemu ya kumi ya uzito wake tu.

Hapo ndipo polima zenye vitundu zilipoingia. Mwaka 2005 kundi la Omar Yaghi, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Michigan, lilitangaza fremu za kikaboni ambazo vipande vyake huungana kwa mpangilio unaojirudia, vitundu vyote vikiwa na ukubwa mmoja. (Mwaka 2025 Yaghi alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Susumu Kitagawa na Richard Robson kwa fremu za jamii ya karibu, zile zenye metali.) Mwaka 2007 Andrew Cooper na wenzake wa Liverpool walitengeneza polima ambazo elektroni zake husafiri kutoka pete moja ya kaboni hadi nyingine. Mwaka 2009 ikaja PAF-1 kutoka Chuo Kikuu cha Jilin, China: gramu moja yake ina uso wa ndani wa mita za mraba 5,600, karibu eneo la uwanja wa mpira.

Ubunifu wa polima hizi una mantiki inayofuatika. Molekuli ya iodini ina upana wa nusu nanomita hivi, kwa hiyo kitundu cha nanomita moja hadi tatu huipitisha bila kuikwamisha mlangoni. Iodini hutamani elektroni. Kwa hiyo kuta hupewa nitrojeni, ambayo ina jozi ya elektroni za kukopesha, au pete za kaboni zenye elektroni nyingi. Iodini ikikopa, hujiunga na wenzake kuwa minyororo mifupi ya atomi tatu au tano, na poda iliyokuwa ya njano huwa nyeusi. Njia ya kuunganisha fremu nyingi ni ya zamani na rahisi kueleza: amini hukutana na aldehidi, molekuli ya maji inatoka, kiungo kinabaki. Polima nyingine ni nafuu zaidi, zikitengenezwa kwa kuzifunga pete za benzini pamoja kwa msaada wa kloridi ya chuma. Hizo hazina mpangilio mzuri, lakini hazidai mirija iliyozibwa na siku tatu za joto kama fremu.

Kufikia mwaka 2018, kundi la Donglin Jiang lilikuwa limechapisha fremu zinazobeba gramu 6 hivi za iodini kwa kila gramu moja. Mashindano yakapamba moto. Makala baada ya makala hutangaza tarakimu iliyozidi ya jana.

Namna tarakimu hizo zinavyopatikana ni jambo la kuangaliwa kwa makini. Mtafiti hupima poda kidogo kwenye kichupa kilicho wazi. Kichupa huwekwa ndani ya chombo kikubwa zaidi chenye fuwele za iodini, chombo kinafungwa, kisha kinaingia kwenye oveni ya nyuzijoto 75 au zaidi kidogo. Mvuke wa zambarau unajaa. Baada ya saa kadhaa au siku, kichupa hutolewa na kupimwa. Uzito ulioongezeka huhesabiwa kuwa iodini iliyonaswa. Ndani ya chombo hicho iodini ni tele, hewa ni kavu, na hakuna kitu kingine kinachogombea nafasi. Sehemu ya uzito inaweza hata kuwa iodini iliyotulia tu juu ya poda bila kushikwa na chochote.

Jaribio hilo linapima ukubwa wa tumbo. Halipimi uchaguzi, na uchaguzi ndio kazi yenyewe.

Ushahidi wa dai hilo umo katika uzito wa dawa ya hospitali. Mgonjwa wa saratani ya thairoidi anaweza kupewa iodini-131 ya kiwango cha gigabekereli 3.7. Ukipiga hesabu, iodini hiyo ina uzito usiofika mikrogramu moja, sehemu ya milioni ya gramu. Polima inayojisifu kwa gramu 6 ingeweza, kwenye karatasi, kuzihifadhi dozi za wagonjwa zaidi ya milioni sita katika gramu moja tu. Hakuna hospitali duniani inayohitaji hivyo. Lakini mkojo wa mgonjwa kwa siku moja una chumvi ya kawaida inayoweza kufika gramu 10, yaani mara milioni kumi ya uzito wa iodini inayotafutwa. Hata kwa Chernobyl hesabu inashangaza: iodini-131 yote iliyotoka, petabekereli 1,760 kwa makadirio ya kamati ya Umoja wa Mataifa ya athari za mionzi, ilikuwa na uzito usiofika nusu kilo. Nusu kilo hiyo ilitawanyika juu ya nchi nzima nzima.

Kuna mahali ambapo uwezo wa kubeba una maana. Viwanda vinavyochakata mafuta ya nyuklia yaliyotumika, kama La Hague nchini Ufaransa, hushughulika na iodini-129 mwaka hadi mwaka, na huko kila gramu ya nafasi huhesabika. Ila huko nako gesi ina joto kubwa, ina tindikali ya nitriki na oksidi za nitrojeni, na iodini ni chembe chache kati ya milioni. Fremu iliyoungwa kwa amini na aldehidi inaweza kuvunjwa na tindikali hiyo, kwa kuwa kiungo kilichotoa maji kinaweza kuyapokea tena.

Kipimo cha haki kimeshafanyika, na kilifanyika Afrika, katika shingo za watu.

Katika Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo, kuna kisiwa cha Idjwi. Miaka ya 1960 daktari Mbelgiji François Delange na wenzake walikuta jambo lililowatatiza. Kaskazini mwa kisiwa zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu, uvimbe wa tezi ya thairoidi. Kusini-magharibi, mwendo mfupi tu kutoka hapo, ilikuwa mtu mmoja kati ya ishirini hivi. Maelezo ya kawaida yalikuwa ukosefu wa iodini, lakini walipopima, iodini ilikuwa haba pande zote mbili kwa kiwango kilekile. Tofauti waliyoifuatilia mpaka mwisho ilikuwa muhogo, uliokuwa ukiliwa kwa wingi zaidi kaskazini.

Muhogo usiotayarishwa vizuri hutoa sianidi, na ini huigeuza sianidi kuwa thiosianeti ili isiue. Thiosianeti ina chaji moja hasi kama iodidi, yaani iodini iliyopokea elektroni, na ukubwa unaokaribiana nayo. Mlango wa kuingizia iodidi kwenye thairoidi ni protini ambayo jeni lake lilitambuliwa mwaka 1996 na kundi la Nancy Carrasco. Mlango huo huidaka thiosianeti pia. Iodini ikiwa ya kutosha, ushindani huo hauna madhara. Ikiwa haba, mshindani hushinda, tezi hunyimwa, nayo huvimba ikijaribu kukamata zaidi. Mtego uleule, iodini ileile, lakini matokeo mawili tofauti kwa sababu ya kitu cha tatu.

Habari hii haiko mbali na Nile Magharibi ya Uganda. Ng'ambo ya mpaka, magharibi ya Koboko na Arua, eneo la Uele lilijulikana kwa rovu, na uchunguzi wa madaktari wa Kibelgiji juu yake ulichapishwa mwaka 1962. Ugali wa enyasa unaopikwa Arua una muhogo, na akina mama wa huko wanajua kuulowesha au kuurundika uvunde kabla ya kuuanika na kuusaga. Hatua hizo huondoa sehemu kubwa ya sumu. Na tangu Uganda ilipodai chumvi yote itiwe iodini, miaka ya 1990, tafiti zimekuta zaidi ya kaya 9 kati ya 10 zikiitumia. Sehemu kubwa ya chumvi hiyo hutoka Kenya, na hutiwa iodeti ya potasiamu badala ya iodidi, kwa kuwa iodidi kwenye joto na unyevu hugeuka iodini na kuruka. Hata iodeti haivumilii kila kitu. Levente Diosady wa Toronto na wenzake walionyesha mwaka 1998 kwamba chumvi iliyokaa mwaka mzima kwenye joto la nyuzi 40 na unyevu mwingi ilipoteza kati ya asilimia 30 na 98 ya iodini yake, na kwamba mfuko mzuri wa plastiki ulipunguza hasara hiyo. Muuza chumvi anayemwaga gunia kwenye beseni sokoni msimu wa mvua anauacha wazi mzigo ambao kiwanda kilijitahidi kuufunga.

Wabunifu wa polima wakikisoma kisa cha Idjwi kama somo la kemia, watabadilisha mambo kadhaa. La kwanza ni mshindani wa kumwogopa. Katika maji, kloridi ni nyingi lakini haitishi sana, kwa sababu hujivika maji kwa nguvu na haipendi kuingia kwenye vitundu vyenye mafuta mafuta. Polima yenye chaji chanya na kuta zinazosukuma maji huiacha kloridi nje na kuipokea iodidi. Thiosianeti ni jambo jingine: nayo haishikamani sana na maji, nayo huingia. Na thiosianeti huwa nyingi zaidi katika mkojo wa mtu anayekula muhogo kila siku na wa mvutaji sigara. Polima iliyofaulu kwa sampuli za jiji la Ulaya inaweza kuangushwa na tangi la maji machafu la hospitali ya Afrika Mashariki, bila kosa la fundi yeyote. Ni nadra kuona makala ya polima mpya ikiitaja thiosianeti ya muhogo.

La pili ni namna thairoidi yenyewe inavyomshinda mshindani huyo. Mlangoni inadanganyika, lakini ndani haidanganyiki kirahisi. Kimeng'enya chake hutumia peroksidi ya hidrojeni kuinyang'anya iodidi elektroni, kisha iodini iliyoamka huunganishwa moja kwa moja na pete za tairosini kwenye protini kubwa iitwayo thairoglobulini. Thiosianeti haipati kiungo cha namna hiyo kwenye tairosini. Kwa hiyo uchaguzi unafanyika mara mbili, na wa pili ndio unaofunga mlango nyuma ya iodini.

Hakuna sababu ya kemia inayozuia polima kuiga hatua hizo mbili. Kitundu chenye chaji chanya kikusanye; pete za fenoli, ndugu wa tairosini, zikae pembeni; oksidishaji nyepesi ipite ndani ya safu ya poda na si kwenye tangi wazi, maana iodini ikiamshwa hovyo hugeuka mvuke wa kuvutwa na wahudumu. Kiungo kitakachopatikana hakitaachia kwa joto dogo kama wanga wa muhogo. Wapo watakaolalamika kwamba polima hiyo haiwezi kusafishwa na kutumika tena. Kwa iodini-131 lalamiko hilo ni dogo. Katika siku 80 itakuwa imepungua mara elfu moja na zaidi ikiwa imetulia ndani ya mtungi mdogo, badala ya kulazimu hospitali ijenge matangi makubwa ya kusubirishia maji machafu. Anayebuni kwa ajili ya hospitali atafute kushika, asihangaike na kuachia.

Kinachobaki ni kupima, na hapa vyuo vya ukanda huu vina nafasi ambayo havijapewa kwenye mashindano ya gramu kwa gramu. Chuo Kikuu cha Muni, cha umma tangu mwaka 2013 na umbali mfupi kutoka Mvara, hakihitaji iodini yenye mionzi kuanza. Iodidi ya kawaida ina kemia ileile. Kipimo kinachofaa ni cha Sandell na Kolthoff, kilichochapishwa mwaka 1937 na kutumika dunia nzima kupima iodini katika mkojo wa wanafunzi wakati wa uchunguzi wa rovu: seriamu ya njano hupoteza rangi mbele ya aseniki, na iodidi kidogo huharakisha upotevu huo. Kadiri rangi inavyokwisha upesi, ndivyo iodidi ilivyo nyingi. Vifaa vyake ni bomba, saa na kipima rangi, na hufika hadi mikrogramu chache kwa lita. Thiosianeti hukivuruga kipimo hiki, kwa hiyo sampuli huchomwa kwanza kwa pasalfeti ya amoniamu, hatua ambayo wapimaji wa rovu wameizoea.

Maji ya jaribio yawe na iodidi mikrogramu 100 kwa lita, kloridi gramu 5, na thiosianeti miligramu 10, kiwango ambacho mlaji wa muhogo anaweza kukifikisha. Yapitishwe juu ya poda kwenye mrija mwembamba, kwa joto la Arua bila kiyoyozi. Kiripotiwe kiasi cha iodidi kilichotoka upande wa pili baada ya lita ya kwanza, ya kumi na ya hamsini, kisha mrija uoshwe kwa maji ya chumvi tupu kwa wiki moja na kupimwa tena kama umeachia. Makaa ya vifuu yapitishwe kwenye mrija wa jirani, siku hiyohiyo na maji hayohayo.

Polima yoyote inayodai kuwa tayari kwa tangi la Ocean Road, au kwa bomba la moshi la Buyende litakapojengwa, ianze na mrija huo kabla ya kutangaza gramu zake.